Nikea haikuuzaa Ukristo, wala Konstantino hakuiua dini ya Warumi

Tarehe 28 Novemba 2025 Papa Leo XIV alisimama na Patriaki Bartholomeo wa Konstantinopoli kwenye ufuko wa ziwa la İznik, kaskazini-magharibi mwa Uturuki, kando ya magofu ya kanisa la kale. Walisali pamoja na viongozi wa makanisa mengine na kukariri Kanuni ya Imani. Mji huo zamani uliitwa Nikea, na walikuwa wakiadhimisha miaka 1700 tangu maaskofu walipokutana hapo mwaka 325 kwa mwito wa Kaisari Konstantino. Picha zilisambaa, na nyuma ya picha ikaja hoja ambayo kila anayefuatilia mihadhara ya dini, kuanzia Dar es Salaam hadi Mombasa, anaijua kwa kichwa: kwamba Nikea ndipo Kaisari alipoutengeneza Ukristo, maaskofu wakapiga kura Yesu awe Mungu, vitabu vya Biblia vikachaguliwa, na miungu ya Roma ikafutwa kwa amri. Wakristo wengi walijibu kwa hadithi yao iliyozoeleka: dini ya Warumi ilikuwa ganda tupu, watu walikuwa wameichoka, Injili ilipofika dini hiyo ikaporomoka yenyewe.

Wanaosimulia hadithi hizi hubishana kwa sauti kubwa, lakini wote wamejenga juu ya kosa moja. Wanaichukulia dini ya Warumi kuwa kitu chepesi, ambacho amri moja au mahubiri mazuri yangetosha kukiondoa. Ushahidi unasema vingine. Dini hiyo ilikuwa hai, ikipendwa na kuogopwa, hata baada ya Konstantino kufa. Udhaifu wake ulikuwa kwamba ilikuwa shughuli ya dola na ya mji: ililishwa na hazina na matajiri wa mji, makuhani wake walikuwa wanasiasa, na hazina ilipofungwa hapakuwa na mkono mwingine wa kuilisha. Ukristo kwa karibu miaka 300 ulikuwa umeishi bila hazina hiyo, mara nyingine ukiwindwa na wenye funguo zake, na humo ndimo ulimojifunza kujitegemea. Konstantino aliukuta umesimama.

Tuanze na Warumi wenyewe. Mrumi hakuulizwa anaamini nini. Aliulizwa kama ametimiza yampasayo. Msomaji aliyekulia katika ukoo unaotambika mvua inapochelewa ataelewa haraka: hakuna anayemhoji mtu moyo wake, ila kila nyumba inajulikana imetoa nini, na anayegoma anaonekana kuwaweka jirani zake wote hatarini. Nyumbani Warumi waliweka kijumba cha Lares, miungu walinzi wa kaya, na pale Pompeii vijumba hivyo bado vipo jikoni na uani, vimechorwa nyoka na watu wanaomimina sadaka. Hadharani kulikuwa na Jupiter juu ya kilima cha Capitolium, na mabikira sita wa Vesta waliotumikia miaka 30 kila mmoja wakilinda moto usizimike. Juu yao walikaa makuhani waliokuwa maseneta na majenerali. Augustus, Kaisari wa kwanza, anajivunia katika maelezo ya kazi zake kwamba mwaka 28 KK alikarabati mahekalu 82 ya mji wa Roma, na tangu mwaka 12 KK yeye na makaisari waliomfuata walishika cheo cha kuhani mkuu. Miungu wapya waliweza kuingia, lakini kwa kibali: mwaka 204 KK, katikati ya vita na Hannibal, Seneti yenyewe iliagiza mungu wa kike aliyeitwa Mama Mkuu aletwe kutoka Asia Ndogo, na mwaka 186 KK Seneti hiyo hiyo iliyavunja makundi ya siri ya Bacchus, mungu wa divai. Dola ndiyo iliyoamua nani aheshimiwe na kwa gharama ya nani.

Ipo karatasi moja ya mafunjo kutoka Fayum, Misri, ambayo naipenda kuliko hotuba nyingi za wafalme. Ni ya tarehe 26 Juni mwaka 250. Mzee Aurelius Diogenes, mwana wa Satabous, mwenye miaka 72 na kovu kwenye nyusi ya kulia, anaiandikia kamati ya kafara ya kijiji chake. Anasema kwamba siku zote amewatolea miungu kafara, na kwamba sasa, mbele ya kamati, amechinja, amemimina kinywaji na kuonja nyama kama amri inavyotaka, na anaomba wamthibitishie kwa maandishi. Mfalme Decius alikuwa ameamuru wakazi wa dola nzima watoe kafara, na vyeti vya aina hii zaidi ya 40 vimefukuliwa. Hata jina Aurelius linasema jambo: ndilo jina la ukoo lililobebwa na maelfu kwa maelfu ya watu waliopata uraia wa Roma kwa amri ya Caracalla ya mwaka 212. Mkulima wa Misri sasa ni raia, na raia anadaiwa kafara.

Wapo wanaosema kwamba dini inayohitaji cheti tayari imeshakufa. Sikubaliani nao. Kilichokuwa kipya kwa Decius ni kuichukua ibada iliyokuwa ya kijiji na ya mji na kuifanya wajibu wa mtu mmoja mmoja kwa serikali. Alifanya hivyo kwa sababu alisadiki kwamba miungu ikinyimwa haki yake, mipaka itavunjwa na magonjwa yataenea. Na watu waliitikia. Maandishi ya Sipriani, askofu wa Carthage katika Afrika Kaskazini, yamejaa uchungu kwa sababu Wakristo wengi wa mji wake walikimbilia madhabahuni kabla hata hawajasukumwa. Kwa hiyo ile kauli maarufu ya Tertuliani, Mwafrika mwingine wa Carthage, kwamba damu ya Wakristo ni mbegu, haitoshi kueleza ushindi. Mateso yalizaa mashahidi, na yalizaa pia umati wa walioanguka, ambao kanisa lilibishana kwa miaka namna ya kuwapokea tena.

Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu ni ile ya kura ya Nikea, na jibu lake linatoka katika mkoa huo huo. Nikea ulikuwa mji wa Bithynia. Kati ya mwaka 110 na 112 hivi, liwali wa Bithynia alikuwa Plinius, na barua zake kwa Kaisari Trajanus tunazo. Katika mojawapo analalamikia ukumbi wa maonyesho wa Nikea uliokwisha kumeza sesterti (sarafu za Kirumi) zaidi ya milioni 10 na bado unadidimia na kupasuka. Katika nyingine anaeleza habari za Wakristo. Alikuwa amewatesa watumwa wawili wa kike waliokuwa wahudumu wa kanisa ili apate ukweli. Alichogundua ni kwamba watu hao hukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, wakaimba kwa kupokezana wimbo kwa Kristo kana kwamba ni mungu, na kujifunga kwa kiapo wasiibe, wasizini, wasivunje ahadi. Liwali huyo hakuwa na sababu yoyote ya kuwapendelea. Basi miaka zaidi ya 200 kabla ya Konstantino kuwaita maaskofu, Wakristo wa mkoa huo walikuwa tayari wakimwimbia Kristo hivyo. Jambo hilo halithibitishi kwamba imani yao ni ya kweli. Hayo ni ya kila mmoja na Mungu wake. Linathibitisha tu kwamba haikutungwa mwaka 325.

Pale Nikea kilichobishaniwa ni jambo lingine. Ario, kasisi wa Alexandria, alifundisha kwamba Mwana ana mwanzo, kwamba ni kiumbe bora kuliko vyote lakini bado ni kiumbe. Maaskofu walikataa, wakaandika kwamba Mwana ni wa dhati moja na Baba. Wakashughulikia pia tarehe ya Pasaka na kupitisha kanuni 20, nyingi zikiwa za nidhamu ya kawaida kabisa: kasisi anayekopesha kwa riba avuliwe cheo, Jumapili watu wasali wakiwa wamesimama. Hakuna hata kanuni moja inayoorodhesha vitabu vya Biblia. Na kama Kaisari ndiye aliyeitunga imani hiyo, nyumba yake mwenyewe ilikuwa ya kwanza kuiasi. Konstantino alibatizwa mwaka 337 akikaribia kufa, na aliyembatiza ni Eusebio wa Nikomedia, mtetezi wa Ario. Mwanawe Constantius II aliwaunga mkono wapinzani wa Nikea kwa miaka mingi, na Atanasi wa Alexandria, mtetezi mkuu wa Nikea, alifukuzwa mjini kwake mara tano. Imani ya Nikea ilikuja kutulia mwaka 381. Kwa sehemu kubwa ya miaka 56 katikati hapo, makaisari walikuwa upande ule mwingine au hawakuijali.

Hoja yenye nguvu zaidi ni nyingine, na lazima ipewe uzito wake. Inasema hivi: hata kama imani ilikuwepo, bila upanga na fedha za Kaisari isingeshinda. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba mwaka 300 Wakristo walikuwa takribani asilimia 10 ya wakazi wa dola. Konstantino aliwarudishia mali zao mwaka 313, akawaondolea makasisi mizigo ya utumishi wa mji, akawapa maaskofu mamlaka ya kuamua kesi, akajenga makanisa makubwa Roma na Yerusalemu. Mtu aliyetaka cheo alijua upepo unavuma kuelekea wapi. Mwaka 380 Kaisari Theodosius aliamuru watu wote waifuate imani ya Nikea, mwaka 391 na 392 akapiga marufuku kafara, na katika miaka hiyo hiyo hekalu kuu la Serapis pale Alexandria likabomolewa na Wakristo. Huu ulikuwa ulazimishaji. Mkristo anayeusimulia ushindi wa dini yake bila kuitaja Serapeum, yaani hekalu hilo, anawanyima wasikilizaji wake nusu ya habari.

Lakini angalia tarehe. Kati ya ushindi wa Konstantino vitani kwenye daraja la Milvio, karibu na Roma, mwaka 312 na sheria kali za Theodosius zimepita takribani miaka 80. Konstantino aliendelea kuitwa kuhani mkuu, na sarafu zake zilibeba mungu Jua kwa zaidi ya miaka kumi baada ya daraja hilo. Constantius II alitoa sheria dhidi ya kafara, lakini alipoitembelea Roma mwaka 357 hakuwagusa mabikira wa Vesta, aliwateua waheshimiwa wa mji kuwa makuhani wa miungu, na hakukataa gharama za ibada zilipwe. Aliyetuhifadhia habari hiyo ni Symmachus, mtetezi wa dini ya zamani, akimsifu. Ina maana kwamba kwa miaka 70 baada ya daraja la Milvio, karibu yote chini ya makaisari Wakristo, hazina ya dola iliendelea kulipia matambiko ya Roma. Kama imani ya kale ilikuwa imekwisha, nani alikuwa akidai fedha hizo? Na kama Konstantino aliiua, mbona ilikuwa bado inalipwa mshahara?

Jaribio la wazi kabisa ni la Julianus, mpwa wa Konstantino, aliyeiacha imani ya Kikristo na kutawala kuanzia 361 hadi 363. Hapa wanaosema kila kitu ni amri ya mfalme wangepaswa kuona amri ikifanya kazi kwa upande wa pili. Julianus alifungua mahekalu, akarudisha kafara, akawapa makuhani heshima. Mwaka 362 alikwenda Dafne, karibu na Antiokia, siku ya sikukuu ya Apollo. Anaandika mwenyewe jinsi alivyokuwa akiwaza njiani: ng'ombe wa kuchinjwa, ubani, nyimbo, vijana wamevaa kanzu nyeupe. Alipoingia hekaluni hakukuta ubani, wala andazi, wala mnyama. Akamuuliza kuhani mji umeleta nini. Kuhani akajibu kwamba amekuja na bata bukini mmoja kutoka nyumbani kwake. Mji haukuandaa kitu. Julianus aliwakaripia wazee wa mji kwa hasira, na katika karipio hilo akatoa habari yenye thamani kuliko sheria zake zote: kwamba kila mmoja wao anamwachia mkewe achukue vitu vya nyumbani awapelekee Wagalilaya, kama alivyowaita Wakristo, na kwamba wake hao wanapowalisha maskini, maskini wanavutwa huko.

Ukisoma hapo utaona mahali mkondo ulipogeukia. Yule kuhani alikuwa mwaminifu, alileta alichonacho. Aliyekosekana ni mji. Sikukuu ya Apollo ilimtegemea tajiri aliyetoa ng'ombe ili jina lake lichongwe kwenye jiwe, na tajiri huyo, kwa mkono wa mkewe, alikuwa ameshahamishia ukarimu wake kwingine. Katika barua nyingine iliyobaki kwa jina lake, Julianus anamwandikia kuhani mkuu wa Galatia kwamba ni aibu Wagalilaya kuwalisha maskini wao na wa kwetu pia, na anaahidi ngano vipimo 30,000 kwa mwaka, sehemu ya tano iende kwa maskini wanaowatumikia makuhani na iliyobaki kwa wageni na ombaomba. Fedha ilikuwepo. Kisichokuwepo ni watu wa kuigawa: shemasi anayemjua mjane kwa jina, orodha ya wagonjwa, mtu wa kulaumiwa chakula kisipofika. Watetezi wa Julianus husema alitawala muda mfupi mno, miezi 20 hivi kabla ya kuuawa vitani na Waajemi. Ni kweli, na hakuna ajuaye miaka 20 ingeleta nini. Ila kilichomshinda Dafne kisingetibiwa kwa muda peke yake.

Kanisa lilikuwa limejenga kitu hicho katika giza. Mwaka 251, baada ya msako wa Decius, Kornelio askofu wa Roma alitaja watumishi wake katika barua: makasisi 46, mashemasi 7, mashemasi wadogo 7, maakoliti (wasaidizi wa ibada) 42, wengine 52 wa kupunga pepo pamoja na wasomaji na walinda milango, na wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 wanaolishwa na kanisa. Hesabu hiyo ni ya jumuiya ambayo askofu wake aliyemtangulia alikufa kifungoni mwaka mmoja kabla. Carthage, tauni ilipoingia, Sipriani aliwapanga waumini kuhudumia wagonjwa kulingana na uwezo wa kila mmoja, akiwahimiza wasiwabague wasio Wakristo. Sisemi kwamba wapagani hawakuwa na huruma. Walikuwa na vyama vya maziko, walikuwa na marafiki na wafadhili. Ila huruma yao haikuwa na ofisi moja inayoendelea kufanya kazi mfalme akibadilika, na hata jumuiya za mungu Mithras, zilizopendwa sana na wanajeshi, hazikuwahi kuwa na askofu wa kuwaandikia wenzake ng'ambo ya bahari.

Kilichoipata dini ya Roma mwaka 382 kinaeleweka sasa. Kaisari Gratianus alikata malipo ya makuhani na mabikira wa Vesta, akazuia urithi wa mashamba waliouachiwa, na akaiondoa madhabahu ya Ushindi, mungu wa kike, ndani ya Seneti. Miaka miwili baadaye Symmachus, akiwa mkuu wa mji wa Roma, alimwandikia Kaisari Valentinianus II, mtoto wa miaka 13, akiomba vyote virejeshwe. Maneno yake kwamba siri kubwa kiasi hicho haiwezi kufikiwa kwa njia moja peke yake yananigusa kila ninapoyasoma, na nadhani yanastahili kusomwa na kila Mkristo. Ambrosi, askofu wa Milano, alijibu kwa ukali, na hata alimtisha kijana huyo kwamba akikubali atakuja kanisani asikute kasisi, au akute anayempinga. Lakini pamoja na vitisho hivyo kulikuwa na swali ambalo Symmachus hakuwa na jibu lake: wahesabu basi, mahekalu yamekomboa mateka wangapi, yamewapa maskini chakula gani? Mwanahistoria Zosimo, mpagani aliyeandika miaka mingi baadaye, anasema maseneta walimweleza Theodosius kwamba ibada haziwi halali zisipolipiwa na hazina. Iwe walisema hivyo au Zosimo aliwawekea maneno mdomoni, mpagani mwenyewe aliona hilo ndilo la kusema. Kafara ya mfuko wa mtu binafsi haikuwa kafara ya Roma.

Ukikubali maelezo haya, swali la Konstantino linageuka. Badala ya kuuliza alilipa Kanisa nini, tuulize alilichukulia nini, kwa kuwa hazina iliyoitwaa dini ya Warumi mateka sasa ilikuwa inabisha hodi kwa maaskofu. Wa kwanza kuliona hilo wazi walikuwa Waafrika. Mnamo mwaka 347 Kaisari Constans aliwatuma Carthage wajumbe wawili, Paulus na Macarius, wakiwa na fedha za kugawia maskini, kwa lengo la kuwavuta wafuasi wa askofu Donato warudi katika kanisa lililotambuliwa na serikali. Donato alikataa na kuuliza: Kaisari ana nini na Kanisa? Wajumbe wakaendelea na safari, askari wakafuata, na watu wakauawa katika mji wa Bagai. Aliyetuandikia habari hizo ni Optato wa Milevi, mpinzani wa Donato, kwa hiyo si propaganda ya wafuasi wake. Agustino wa Hippo, Mwafrika mwenzao, mwanzoni alipinga Wadonato, yaani wafuasi wa Donato, kulazimishwa, kisha baada ya mwaka 400 akaitetea nguvu ya serikali kwa maneno ya Injili ya Luka, "ukawashurutishe kuingia ndani." Mwaka 411 pande hizo mbili zilikutana Carthage mbele ya mjumbe wa Kaisari, mamia ya maaskofu kila upande, na makarani wakaandika mabishano yao neno kwa neno. Sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo ipo hadi leo, na anayetaka kweli kujua Kaisari alilifanyia Kanisa nini ataanzia humo kabla ya kwenda Nikea.